Jina Lake kwenye Kadi ya Mwingine

Kadi ya wazee ilipoingia Kaplong ilikuja na ugomvi wake. Sacco ya magari ilitangaza kwamba kila aliyetimiza miaka sitini na mitano atasafiri bure Jumanne na Alhamisi, atakaa viti vya mbele kando ya dereva, na mwenzi wake wa ndoa, awe na umri wowote, atalipa nusu ya nauli. Mpango mzuri, nani angeukataa? Walichosahau walioutunga ni kwamba kwenye kadi palikuwa na nafasi ya mwenzi mmoja tu, na huku kwetu wazee wenye wake wawili bado wapo. Mzee mmoja wa upande wa Chebilat alimwandikisha mke mdogo, na mke mkubwa aliposikia alitembea kwa miguu mpaka ofisini kudai jina libadilishwe. Mwingine aliona heri asiandikishe yeyote, na kwa ujanja wake huo akanyimwa uji na nyumba zote mbili.

Johana Kimeli alikuwa ameyacheka hayo mpaka machozi. Yeye alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita, watoto walikuwa wamekwenda na maisha yao, na nyumbani hakuna aliyebaki wa kugombania kadi yake. Alikuwa na miaka sitini na minane, mrefu, mgongo wake ungali umenyooka ingawa alikuwa amesimama mbele ya mitambo ya kukaushia majani kiwandani kwa miaka thelathini. Sasa alikuwa na nusu ekari ya chai, ng'ombe watatu na siri moja.

Kicheko chake kilikatika Jumatano asubuhi, mbele ya dirisha la Quinter, msichana aliyekuwa akiandikisha kadi.

"Uko na mwenzi wa ndoa, mzee?" Quinter aliuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta.

Johana alikuwa amejitayarisha kwa swali hilo. Alikuwa amenyoa ndevu, amevaa koti la Jumapili siku ya Jumatano, na njiani alikuwa amelifanyia mazoezi jibu lake mbele ya ng'ombe wawili na nguzo moja ya ua.

"Andika Janeffer Chelangat," alisema.

Nyuma yake kwenye foleni mtu alikohoa. Alikuwa Ombati, fundi cherehani, Mkisii aliyehamia Kaplong akiwa kijana na sasa alijua habari za mji kuliko waliozaliwa hapo. Kikohozi chake hakikuwa cha ugonjwa.

"Namba yake ya simu?"

Namba yake mwenyewe Johana aliisoma kwenye kikaratasi alichokibandika nyuma ya simu. Hiyo ya Janeffer aliitaja kwa kichwa, bila kupumua, kutoka tarakimu ya kwanza mpaka ya mwisho.

Quinter aliandika, akangoja, akakunja uso. Akaandika tena.

"Sistimu imekataa, mzee."

"Imekataa nini?"

"Hii namba iko tayari. Iko kwa kadi ya mtu mwingine."

"Labda ameandikwa kama mwenye kadi. Lakini hajafika sitini na tano."

"Hapana, si yeye mwenye kadi." Quinter aliinua macho sasa, na Johana akaona jinsi yalivyolainika. Hilo lilimuumiza kuliko maneno yenyewe. "Ameandikwa mwenzi wa ndoa. Kuna barua ya chifu hapa. Inasema ni mke."

"Mke wa nani?"

"Hiyo siwezi kukuambia. Ni siri ya mwenye kadi."

Ombati aliacha kukohoa. Foleni nzima iliacha kuzungumza. Johana aliutazama mkono wake uliokuwa umeshika ukingo wa dirisha akauona kama wa mtu mwingine.

"Nikuandike vipi, mzee?" Quinter aliuliza polepole.

"Niandike peke yangu," alisema Johana.

Alikuwa amekutana na Janeffer kwa ajili ya mursik. Kila Jumanne, siku ya soko, Janeffer alipanga vibuyu vyake juu ya gunia safi karibu na lango, akauza maziwa ya kulala yaliyotiwa masizi ya mti vizuri hadi yakawa na rangi ya kijivujivu. Alitoka kilima cha mbali, ng'ambo ya mto, mahali ambapo Johana hakuwa na ndugu wala rafiki. Siku ya kwanza Johana alinunua kikombe kimoja kwa sababu ya kiu. Wiki iliyofuata alinunua viwili, na kiu haikuwapo. Mwanamume mwenye ng'ombe watatu wa maziwa nyumbani kuja sokoni kununua mursik, hata mtoto angejua kilichompeleka.

Janeffer alijua. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mnene wa kupendeza, na akicheka alifunika mdomo kwa kitambaa kwa ajili ya pengo dogo la jino. Alimpa kikombe kwa mikono miwili, na hakuondoa mikono hiyo mpaka ya Johana iwe imeshika sawasawa. Kwa miezi minane Johana aliishi kwa sekunde hizo. Walizungumza habari za watoto watatu wa Janeffer waliokwisha kukua, habari za bei ya majani mabichi, habari za mifupa. Siku moja alijipa moyo akamwuliza habari za nyumbani, na Janeffer akajibu, "Nyumbani kwangu hakuna mwanamume." Johana alimpa pole kwa kufiwa. Sasa, akikumbuka, aliona kwamba Janeffer hakuipokea pole ile. Alikuwa ameinama akafuta kibuyu kilichokuwa kisafi tayari.

Kumbe alikuwa na mume. Mume mwenye kadi, mwenye barua ya chifu, mwenye kwenda naye safari kwa nusu nauli.

Wivu ni ugonjwa wa vijana, ndivyo alivyokuwa akiamini. Wiki hiyo aligundua kwamba kwa mtu mzima ni mbaya zaidi, kwa sababu hana pa kuutolea. Hakuweza kupiga mtu, hakuweza kulewa, kwa vile alikuwa mzee wa kanisa. Alikamua ng'ombe kwa hasira hadi mmoja akaipiga ndoo teke. Alimtengeneza mume yule kichwani mwake kipande kwa kipande. Kwanza alimpa kitambi, halafu akaona kitambi hakitoshi akampa meno ya dhahabu. Alimpa gari bovu uani. Alimwona amekaa akinywa kutoka kwenye kikombe kile kile, na Janeffer akimshikia kwa mikono miwili.

Jumanne hakwenda kwenye lango la soko. Alikaa kwenye veranda ya Ombati, nyuma ya suruali za shule zilizoning'inizwa, akachungulia.

"Ukitaka kumwona mtu, mwendee," Ombati alisema akikanyaga cherehani.

"Sitaki kumwona."

"Basi toa hiyo pua yako kwa suruali ya wenyewe."

Janeffer alikuwa amefunga kitambaa kipya cha rangi ya chungwa. Kwa nani? Mwanamume mwenye kofia alinunua kikombe akasimama kuzungumza, na Johana akamhukumu. Alipoondoka akaja mwingine aliyecheka sana, na huyo naye akahukumiwa. Kila mara Janeffer alipomaliza na mteja alitazama barabara ya upande wa kiwanda, ile anayotokea Johana. Kisha akatoa simu. Mfukoni mwa Johana simu ikaanza kutetemeka. Aliitoa akalitazama jina lake likiwakawaka, akamtazama mwenyewe pale ng'ambo na simu sikioni, uso wake ukianza kuingia wasiwasi, na hakupokea. Janeffer alipiga mara saba.

"Wewe ni mtu mbaya," Ombati alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

"Mimi ndiye nimedanganywa."

"Umemwuliza?"

"Nimwulize nini? Barua ya chifu si ilisemwa mbele yako?"

Ombati alikata uzi kwa meno. "Watu wa kadi za ng'ambo ya mto wanapanda gari la Longisa Alhamisi, saa mbili. Wanaenda kliniki ya macho. Kama lazima umwone huyo bwana, kamwone uso kwa uso, upone ama ufe. Lakini toka kwa veranda yangu. Wateja wanadhani unanidai."

Jioni ile binti yake Nelvine, mwalimu wa Bomet, alipiga simu. Habari zilikuwa zimekwisha kufika huko.

"Baba, nimesikia huyo mama ni mke wa mtu."

"Umesikia kwa nani?"

"Si muhimu. Mimi nilikuwa naogopa kukuambia, lakini afadhali imeisha hivyo. Watu walikuwa wameanza kusema. Kama ni upweke, tutakutafutia mtu wa kukupikia."

"Sihitaji mpishi, Nelvine."

"Unahitaji nini basi?"

Johana alisema ng'ombe wanalia, ingawa ng'ombe walikuwa kimya.

Alhamisi saa moja na nusu alikuwa steji. Alijibanza kando ya ukuta wa duka la dawa za mifugo, kadi mpya mfukoni. Ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya mashamba ya chai, na watu walitokea ndani yake mmoja mmoja. Alimpima kila mzee aliyejitokeza. Huyu mfupi mno. Yule ni wa Sotik, anamjua. Huyu mwenye fimbo na viatu vilivyopigwa rangi, labda ni huyu. Lakini mwenye viatu alipita akaenda zake.

Kisha Janeffer akaja.

Alikuwa amemshika mkono mama mzee sana, mwembamba, mwenye sweta la buluu na kitambaa kilichofungwa chini ya kidevu. Walitembea kwa hatua za huyo mzee. Johana alielewa mara moja, au alidhani ameelewa. Huyo ni mama mkwe. Mama wa mume. Mume mwenyewe yuko nyuma, anazungumza na watu, ni wale wanaume wanaoacha wanawake watangulie. Akayarudisha macho kwenye ukungu akangoja.

Hakuna aliyetokea.

Janeffer alimkalisha mama yule kwenye benchi la steji. Alipiga magoti chini, kwenye matope, akamfunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea. Alichomoa ndizi kwenye mfuko, akaimenya, akampa kwa mikono miwili, na hakuiondoa mikono mpaka ile ya mzee ishike sawasawa. Johana alitazama pembeni. Sekunde zile alizokuwa akizihesabu kuwa zake peke yake, kumbe Janeffer alizigawa hata kwa mama wa mume.

Kondakta alifika. Mama mzee alitoa kadi ya kijani kifuani akamwonyesha. Kondakta aliitazama, akamrudishia kwa heshima, akamgeukia Janeffer. "Na wewe nusu, mama."

Janeffer akalipa nusu.

Johana alikuwa amezisoma kanuni za kadi ile mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma kitu kingine isipokuwa Biblia. Mkwe halipi nusu. Binti halipi nusu. Nusu ni ya mwenzi wa ndoa peke yake, na akiwa na mwenye kadi. Miguu ilimtoa ukutani kabla hajaiamuru.

"Janeffer."

Aligeuka. Furaha ilipita usoni mwake kwanza, Johana aliiona wazi, kisha ikafuatwa na hasira.

"Nilikupigia mara ngapi Jumanne?"

"Saba."

"Kwa hivyo ulikuwa unahesabu. Nilidhani umekufa, Johana. Nilirudi nyumbani na mursik ya watu kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, siwezi kumimina."

"Mume wako yuko wapi?"

Janeffer alivuta kitambaa chake akakifunga upya ingawa hakikuwa kimelegea.

"Nani amekuambia?"

"Kompyuta imeniambia. Nilienda kukuandikisha kwa kadi yangu. Wakaniambia wewe ni mke wa mtu, na Kaplong yote ikisikia."

"Ulienda kuniandika kuwa mke wako bila kuniuliza mimi?"

Johana hakuwa amelitazama jambo hilo kutoka upande huo.

"Yuko wapi?" alirudia, kwa sauti ya chini.

"Ameketi pale," Janeffer alisema.

Johana alitazama benchi. Hapakuwa na mtu ila mama yule mwenye sweta la buluu, akitafuna ndizi yake polepole.

"Pale kuna mama mzee."

"Ndiyo."

"Nimekuuliza mume wako."

"Na mimi nimekujibu."

Ilimchukua Johana muda. Si kwamba hakuijua desturi hiyo, maana Mkipsigis gani wa umri wake asiyeijua? Shangazi yake mwenyewe aliolewa hivyo. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto, mumewe amekufa, ana shamba na ng'ombe na hana wa kumrithi, humtolea msichana mahari mbele ya wazee, akamwoa, na watoto wanaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Ni ndoa kamili, wala haivunjwi ovyo. Lakini siku hizi haisemwi kwa sauti, kanisani hasa, na Johana, aliyekuwa amemtengeneza mpinzani wake mpaka meno, hakuwa amepata kufikiria kwamba mpinzani huyo angekuja na sweta la kufumwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia nyumbani hakuna mwanamume."

"Janeffer."

"Niliogopa," alisema, na sauti yake ikapungua. "Wewe ni mzee wa kanisa. Ulinipa pole kama mjane, na ukanitazama vizuri sana siku hiyo. Nikasema acha anitazame hivyo Jumanne moja tu, nitamwambia ijayo. Halafu ijayo."

"Na sasa?"

"Sasa unajua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, na aliyenipa mtoto ametoroka. Baba hakutaka kuniona kwa boma. Tapsubei akaja na ng'ombe. Hakuniuliza mtoto ni wa nani. Alimchukua akamwambia, wewe sasa ni wangu. Miaka thelathini na tisa, Johana. Hajaniinulia mkono, hajanitusi. Ni wanaume wangapi wa Kaplong naweza kusema hivyo juu yao?"

Kama angekuwa mwanamume mwenye kitambi, Johana angejua la kufanya. Angemchukia, akajilinganisha naye, akajiona bora. Alimtazama bibi yule kwenye benchi, akijipangusa vidole kwa utaratibu, na wivu wake badala ya kupungua ukapanda. Angeshindana vipi na mtu kama huyo?

"Unaweza kuachana naye," alisema, akijua neno hilo ni baya wakati linatoka. "Kanisa halihesabu ndoa hiyo."

"Mimi naihesabu. Watoto wangu wanaitwa kwa jina la nyumba yake. Nikiondoka, wao ni wa nani? Na yeye haoni. Nani atamfunga kiatu?" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Wewe ukinipenda, ungependa nimwache mtu hivyo? Siku ya kuzeeka kwako nikuache pia?"

"Janeffer," sauti nyembamba iliita kutoka kwenye benchi. "Mlete hapa. Nimechoka kusikia nusu nusu."

Walikwenda, mmoja nyuma ya mwingine, kama wanafunzi waliokamatwa.

"Chamgei, mama," Johana alisalimu.

"Mising," bibi aliitikia salamu. "Sogea kando nikuone. Macho yangu yanaona pembeni, mbele hakuna kitu." Johana akasogea, na Tapsubei akageuza kichwa kama kuku anavyotazama punje. Alichukua muda wake. "Ni mrefu," alimwambia Janeffer. Kisha kwa Johana, "Wewe ndiye unakunywa mursik yangu."

"Nanunua, mama."

"Ng'ombe ni wangu. Ni tamu?"

"Ni tamu."

"Najua." Alikunja ganda la ndizi akaliweka mfukoni mwa sweta. "Unamtaka mke wangu."

Katika maisha yake yote hakuna aliyemwuliza Johana swali kama hilo, na asubuhi, na watu wakipita na mitungi ya maziwa. Angeweza kukana. Angeweza kusema alikuja kuulizia gari, akarudi nyumbani na heshima yake.

"Namtaka," alisema.

"Mimi pia," alisema Tapsubei.

Janeffer aliziba mdomo kwa kitambaa, na safari hii hakuwa anacheka.

"Watoto wakiugua mimi ndiye niliwabeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni," bibi aliendelea, bila kupaza sauti. "Hajalala njaa kwangu hata siku moja. Sasa tangu mwezi wa pili, Jumanne ikifika anafunga kitambaa kipya na kwenda, mimi nabaki na redio. Akirudi anaimba. Nikimwuliza anaimba nini, anasema haimbi. Mimi ni kipofu wa macho, si wa masikio."

Johana aliijua sauti ile. Ni ile ile aliyokuwa nayo yeye wiki nzima, akiongea na ng'ombe. Alijiona mbele ya mtu anayeumwa ugonjwa wake, tena aliyeanza kuugua kabla yake, na akaona haya kwa sababu yeye ndiye aliyemwambukiza.

"Sitamtoa nyumbani kwako, mama."

"Huwezi."

"Na mimi sina mdomo?" Janeffer alisema ghafla. "Mnaniongelea kama ndama wa sokoni." Alisimama katikati yao, mikono kiunoni, machozi yakiteremka bila kuyafuta. "Tapsubei, nitakaa na wewe mpaka mwisho. Hilo unalijua, usijifanye hujui. Na huyu mtu nampenda. Hilo pia unalijua." Akamgeukia Johana. "Pete na mchungaji sina. Kama hizo ndizo unataka, wajane wamejaa kanisani kwako, na Nelvine wako atafurahi. Kama unanitaka mimi, niko hivi. Mimi, na yeye, na kilima chetu. Ukija, unakuja kama mgeni, unakaribishwa chai mbele yake, na jioni unaenda kwako. Fikiria kama unaweza. Mimi nimechoka kufikiria."

Kondakta alianza kuita watu wa Longisa. Ng'ambo ya barabara Ombati alikuwa amesimama mlangoni kwake, futi ya kupimia shingoni, bila aibu yoyote. Kufika saa nne mji mzima utajua. Kufika saa tano Nelvine atajua, naye atapiga simu akilia. Wazee wenzake wa kanisa watamwita kwenye chumba cha nyuma wamwulize mgeni ni nini. Johana aliyaona yote hayo kwa mpangilio. Aliona pia Jumanne moja mbele yake, na nyingine, na nyingine, akipita lango la soko kwa upande wa pili wa barabara.

Tapsubei alikuwa akingoja, kichwa upande.

"Una kadi?" aliuliza.

"Niko nayo."

"Basi panda. Wenye kadi wanakaa mbele, mimi na wewe. Yeye alipe nusu yake akae nyuma."

Johana hakuwa na kliniki Longisa. Hakuwa na mgonjwa huko wala ndugu, na nyumbani alikuwa ameacha ndama hajanyweshwa. Aliinama, akamshika bibi kwapani, akamwinua mpaka kwenye kiti cha mbele. Alikuwa mwepesi kuliko alivyotarajia. Janeffer alikuwa ameshika mlango wa nyuma na hajapanda. Alikuwa akimtazama Johana mpaka Johana mwenyewe alipoingia, akafunga mlango, akakaa. Ndipo naye akapanda.

Gari liliondoka. Johana alijua Janeffer amekaa wapi, hakuhitaji kuambiwa, na shingo ilimwasha.

"Usigeuke," Tapsubei alisema.

"Sijageuka."

"Ulitaka."

Walipita mashamba ya kwanza, wachumaji wakiwa wameanza kuingia kwenye mistari na aproni zao za plastiki.

"Alhamisi ijayo utakuja?"

"Nitakuja."

"Uje mapema. Hapendi kungojea. Hatakuambia, lakini siku nzima atafunika masufuria kwa nguvu." Bibi alivuta sweta lake kifuani. "Na kifua chake ni kibaya. Ukimwona sokoni asubuhi bila sweta, mwambie avae, hata akikukasirikia. Nakuambia ujue tu. Mimi sifi mwaka huu."

"Sawa, mama."

"Wala mwakani."

"Sawa."

Jumanne zote za miezi minane Johana alikuwa amemtazama Janeffer, akadhani amemwona mzima, na habari ya kifua hicho hakuwahi kuijua. Wivu ulimchoma upya, pale pale, bega lake likigusana na bega la aliyekuwa akimwonea huo wivu. Aliuvumilia mpaka walipofika kwenye kona. Kisha akamwinamia bibi sikioni ili wa nyuma wasisikie.

"Na nini kingine, mama?" akauliza.